Bibi McCutcheon na Pini za Nyongeza

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu mashuhuri wa zamani: wafalme, wasafiri, waganga waliovumbua dawa, na viongozi waliodai uhuru wa nchi zao. Muhula huu nimeomba nafasi nieleze maisha ya mtu wa namna nyingine kabisa. Hakuwa malkia, hakuvumbua dawa, wala hakuongoza watu vitani. Alikuwa mama wa nyumbani katika mji wa viwanda vya chuma huko Marekani. Alianza kujifunza mchezo mmoja alipokuwa na umri wa miaka 35, na miaka minne baadaye akamshinda mwanamume aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa mchezo huo nchini mwake. Jina lake ni Bibi Floretta McCutcheon.

Nimemchagua kwa kuwa maisha yake yanatoa mwanga juu ya jambo ambalo watu hubishana kila mahali panapochezwa michezo. Wanawake na wanaume wakishindana pamoja, je, yafaa mwanamke apewe alama za bure kabla mchezo haujaanza? Wako wasemao kwamba ndiyo haki, na wako wasemao kwamba huko ni kumdharau. Mimi naona kwamba pande zote mbili hubishana sana na kuhesabu kidogo. Kwa hiyo katika habari hii nitaomba mnivumilie niweke hesabu kidogo pamoja na masimulizi.

Kwa kuwa mchezo wenyewe si wa kwetu, na hapa Misugusugu hatuna ukumbi wake, yanipasa kwanza niueleze. Huitwa boulingi ya pini kumi. Huchezwa ndani ya nyumba, juu ya njia nyembamba ya mbao iliyosuguliwa hata ikang'aa. Upana wa njia hiyo ni kama mita moja tu, na toka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Mwisho wa njia husimamishwa pini kumi zenye umbo la chupa, zimepangwa kwa pembe tatu: moja mbele, mbili nyuma yake, kisha tatu, kisha nne. Mchezaji hushika tufe zito lenye matundu ya vidole, hupiga hatua chache, akaliviringisha kwa mkono mmoja ili ziangushwe pini nyingi iwezekanavyo.

Mchezo mmoja una zamu kumi, na katika kila zamu mchezaji anaweza kuviringisha mara mbili. Akiangusha pini zote kwa tufe la kwanza, huandikiwa kumi pamoja na hesabu ya matufe mawili yatakayofuata. Akizimaliza kwa tufe la pili, huandikiwa kumi pamoja na hesabu ya tufe moja litakalofuata. Kwa hiyo mtu anayeangusha pini zote mara kumi na mbili mfululizo, bila kukosea hata mara moja, hupata 300, na hapana hesabu iliyo juu ya hiyo. Mchezaji wa kawaida hupata 130 au 150, na mtu ambaye wastani wake hufika 200 huhesabiwa kuwa fundi.

Tufe la boulingi halizidi ratili 16, yaani kilo 7.26. Wanariadha wa shule watatambua tarakimu hiyo mara moja, kwa maana ndiyo uzito wa tufe wanalotupa wanaume katika riadha. Wanawake hutupa tufe la kilo 4. Kadhalika mkuki wa wanaume una gramu 800, na wa wanawake gramu 600. Katika riadha, basi, tofauti ya nguvu imekwisha kutazamwa katika chombo chenyewe, na tena wanawake hushindana peke yao. Katika boulingi sivyo. Kila mtu huchagua tufe limfaalo mkononi, zito au jepesi, lakini njia ni ile ile na pini ni zile zile. Tena nguvu nyingi si kitu cha kwanza. Tufe likigonga pini ya mbele uso kwa uso, mara nyingi za pembeni hubaki zimesimama zikimtazama mpigaji. Shabaha yake ni kuingiza tufe katika nafasi iliyo kando kidogo ya pini ya mbele, na kufanya hivyo tena na tena, bila kuchoka na bila hasira.

Sasa nirudi kwa Bibi McCutcheon. Alizaliwa tarehe 22 Julai, 1888, katika mji wa Ottumwa, jimbo la Iowa, na jina lake la kwao lilikuwa Floretta Doty. Baadaye aliishi katika jimbo la Colorado, lenye milima mirefu, akaolewa na Bwana Robert McCutcheon, wakapata binti. Walifanya makao yao Pueblo, mji uliojulikana kwa kazi ya kuyeyusha na kufua chuma. Hapo ndipo mwaka 1923 alipoingizwa katika timu ya wanawake ya boulingi. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, mwenye nyumba yake na shughuli zake, na mchezo huo ulikuwa mgeni kwake kabisa.

Yafaa tukumbuke hali ya nyakati zile. Kwa miaka mingi kumbi za boulingi huko Marekani zilikuwa jirani na vilabu vya pombe, na mara nyingi chini ya paa moja. Mwanamke mwenye heshima zake hakutazamiwa kuonekana humo. Chama cha wanaume, American Bowling Congress, kiliundwa mwaka 1895 mjini New York, na wanawake hawakuwa na nafasi ndani yake. Mwaka 1916 wanawake 40 walikutana mjini St. Louis wakaunda chama chao wenyewe, kilichokuja kuitwa Women's International Bowling Congress. Kisha toka mwaka 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku katika nchi nzima. Kumbi nyingi zikatafuta wateja wapya, na mlango ukafunguka kidogo kwa akina mama. Bibi McCutcheon aliingia kwa mlango huo.

Siwezi kuacha kutaja kwamba mlango huo haukufunguliwa kwa wote. Vyama vyote viwili, cha wanaume na cha wanawake, viliruhusu watu weupe peke yao, na sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1950. Mtu mweusi, hata awe hodari namna gani, hakuweza kucheza katika mashindano yao. Nalitaja jambo hili kwa kuwa linahusu habari yetu. Mtu aliyezuiwa mlangoni hasaidiwi na pini za nyongeza hata zikiwa mia. Haki ya kwanza katika mchezo wowote ni kuruhusiwa kuingia na kujifunza, na hiyo ikikosekana, mengine yote ni maneno matupu.

Bibi McCutcheon hakuwa na mwalimu mashuhuri. Lakini katika miaka ile bingwa mmoja, Bwana Jimmy Smith, alikuwa akizunguka katika miji ya Marekani akionyesha ufundi wake, na alipofika Pueblo mama huyu alikuwa miongoni mwa watazamaji. Wengine walikwenda kushangaa pini zikianguka. Yeye alitazama miguu ya bingwa, bega lake, na jinsi alivyoliachia tufe polepole bila kulitupa kwa kishindo. Aliona kwamba ufundi ule haukutoka katika misuli mikubwa, bali katika mwendo uliopimwa. Akarudi kufanya mazoezi kwa mfano huo, akiachana na papara, hata mkono wake ukazoea kufanya jambo lile lile kila mara.

Tarehe 18 Desemba, 1927, mwalimu huyo asiyejijua na mwanafunzi wake walikutana mjini Denver kushindana. Ilikuwa michezo mitatu, na hesabu ya mwisho ingekuwa jumla ya yote mitatu. Bwana Smith hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1941, wachezaji wa kwanza kabisa walipochaguliwa kuingia katika orodha ya heshima ya chama cha wanaume, jina lake lilikuwamo. Bibi McCutcheon alikuwa na umri wa miaka 39, mwenye umbo la mama wa kawaida unayeweza kumkuta sokoni. Walicheza sawa kwa sawa, hakuna aliyepewa nyongeza yoyote. Hesabu zilipojumlishwa, Bwana Smith alikuwa na pini 697, na Bibi McCutcheon alikuwa na pini 704. Alishinda kwa pini saba.

Tafadhali msomaji, ishike tarakimu hiyo ya saba, kwa maana nitairudia.

Ushindi huo ulisikika mahali pengi, na Bwana Smith mwenyewe hakuona haya kumsifu mama huyo hadharani. Ingalikuwa rahisi kwa Bibi McCutcheon kurudi Pueblo na kuishi kwa sifa ya siku moja. Lakini mchezo wa siku moja hauthibitishi mengi. Katika michezo mitatu hata bahati yaweza kumbeba mtu. Yeye alifanya lililo gumu zaidi: alifunga safari ya miaka kumi na zaidi, mji kwa mji, akicheza mbele ya watu, mara nyingi dhidi ya wanaume waliokuwa hodari wa mji ule, juu ya njia asizozijua. Katika maonyesho hayo alicheza michezo zaidi ya 8,000, na wastani wake katika yote ulikuwa 201. Mara kumi alipata 300 kamili. Katika mashindano rasmi ya msimu wa 1938 hadi 1939 alipata wastani wa 206, na hiyo ikawa rekodi ya chama cha wanawake kwa miaka mingi.

Hapa sasa nieleze juu ya nyongeza, ambayo kwa jina la wachezaji huitwa hendikapu. Maana yake ni pini anazopewa mchezaji juu ya zile alizoangusha mwenyewe, ili mtu hafifu aweze kushindana na mtu hodari pasipo matokeo kujulikana kabla hawajaanza. Ziko namna mbili za kuitoa, na watu wengi huzichanganya.

Namna ya kwanza hufuata wastani. Wenye mashindano huweka kiwango, tuseme 200. Kisha hutazama wastani wa mchezaji umepungua kiasi gani, na humpa sehemu ya upungufu huo, tuseme asilimia 80. Mama mwenye wastani wa 150 amepungukiwa na 50, basi atapewa pini 40 kwa kila mchezo. Bwana mwenye wastani wa 190 amepungukiwa na 10, basi atapewa pini 8. Wote wawili wakicheza kama kawaida yao, mama atakuwa na 190, na bwana 198. Bwana bado yuko mbele kidogo, na hilo ni sawa, kwa sababu juhudi yake haifai kufutwa yote. Lakini mama akicheza vizuri kuliko kawaida yake, na bwana akizembea, mama atashinda. Angalieni kwamba katika hesabu hii hakuna mahali palipoulizwa nani mwanamke na nani mwanamume. Bwana mwenye wastani wa 150 angepewa pini 40 zile zile.

Namna ya pili haitazami wastani. Hutoa pini kwa kila mwanamke, kwa kuwa ni mwanamke. Katika mashindano ya mzunguko wa Ulaya, kwa mfano, ambako wanaume na wanawake hodari hucheza pamoja, kila mwanamke huongezewa pini 8 kwa kila mchezo. Sisemi kwamba jambo hilo limetungwa na wapumbavu. Wachezaji wa daraja la juu hutofautiana kwa pini chache tu, wanaume wengi huzungusha tufe kwa nguvu zaidi, na wenye mashindano walitaka wanawake waje wacheze badala ya kukaa nyumbani. Kwa kundi zima la mafundi wanaokaribiana uwezo, kipimo hicho kina maana.

Lakini kipimo cha kundi zima si kipimo cha mtu mmoja. Mpe pini 8 mama mwenye wastani wa 130, akipambana na bwana wa 190, nawe hujamsaidia kitu. Mpe pini hizo hizo mama mwenye wastani wa 210, akipambana na bwana wa 200, nawe umemwongezea aliye mbele tayari. Sasa tumpime Bibi McCutcheon kwa kila kipimo. Kwa namna ya kwanza, kiwango kikiwa 200 na wastani wake 201, asingepewa hata pini moja, naye Bwana yeyote mwenye wastani wa 180 angepewa pini 16 dhidi yake. Kwa namna ya pili, siku ile ya Denver angepewa pini 8 kwa kila mchezo, yaani pini 24 kwa michezo mitatu, na hesabu yake ingesomeka 728.

Wako watakaosema kwamba angeshinda vile vile, tena kwa pini nyingi zaidi. Ni kweli, lakini ushindi huo ungekuwa wa namna gani? Kumbukeni kwamba tofauti yao halisi ilikuwa pini saba kwa michezo yote mitatu. Nyongeza ya mchezo mmoja tu ingetosha kuzifunika zote. Kila mtu angesema kwamba Bwana Smith ameshindwa na nyongeza, na hakuna ambaye angeweza kumjibu kwa ufupi. Zawadi ya pini 24 ingemnyang'anya pini saba zilizokuwa zake mwenyewe. Ndiyo sababu nasema kwamba nyongeza isiyopimwa yaweza kumdhuru yule yule iliyekusudiwa kumsaidia.

Kwa upande mwingine, nisieleweke kuwa napinga nyongeza zote. Bibi McCutcheon alikuwa mmoja, na akina mama waliomtazama walikuwa maelfu. Wengi wao walikuwa na wastani wa 100 au 120. Kuwaambia wacheze na mafundi sawa kwa sawa, kwa sababu mwenzao mmoja ameweza, ni sawa na kumwambia kila mtoto wa darasa la kwanza asome barua kwa kuwa dada yake anasoma. Nyongeza ya wastani huwapa watu hao sababu ya kuja tena juma lijalo. Na ina jambo moja zuri sana: kadiri mtu anavyojifunza, ndivyo inavyopungua yenyewe, hata siku moja ikaisha. Nyongeza ya jinsia haina siku ya kuisha. Aliyepewa leo atapewa kesho na keshokutwa, hata akiwa bingwa.

Kasoro yake ni ujanja wa watu. Wako wanaocheza vibaya makusudi ili wastani wao ushuke na nyongeza ipande, kisha siku ya zawadi wakatoa ufundi wao wote. Kwa ajili hiyo chama cha Marekani cha siku hizi, kilichotokana na kuunganishwa kwa vyama vya wanaume na wanawake mwaka 2005, hutaka wastani utokane na michezo isiyopungua 21 ndipo uandikwe kitabuni. Mtu aweza kudanganya jioni moja, lakini kudanganya michezo 21 mbele ya wenzake ni kazi.

Sasa niruhusuni nije nyumbani. Sisi tukaao kando ya barabara ya Morogoro tunayajua magari makubwa yapandayo kwenda bara na yashukayo pwani usiku na mchana. Magari hayo hupimwa. Mizani haiulizi gari ni la tajiri au la maskini, jipya au kuukuu. Husoma uzito uliopo. Muhula ujao hapa shuleni tunatazamia mashindano ya mabweni ya kulenga mpira wa kikapu, wavulana na wasichana pamoja, kila mtu mipira kumi. Limeletwa shauri kwamba kila msichana aanze na pointi tatu za bure. Mimi ni msichana, na katika mipira kumi mimi hulenga minne. Pointi hizo tatu zingenifaa. Hata hivyo naomba kamati itazame mizani.

Yuko dada yetu mmoja wa Kidato cha Nne ambaye katika mipira kumi hukosa miwili tu. Yuko pia mdogo wetu wa kiume wa Kidato cha Kwanza, ambaye kabla ya kuja hapa hakuwahi kushika mpira wa kikapu, naye hulenga miwili. Kwa shauri lililoletwa, dada ataanza na tatu, na yule mdogo ataanza na sifuri. Hapo mwenye nguvu ameongezewa, na mnyonge ameachwa, kwa sababu tu ya jina lililo katika daftari la bweni. Nani atakayeamini ushindi wa dada, ambaye angeshinda bila pointi hizo?

Pendekezo langu ni hili. Kila mshindani alenge mipira kumi kwa jioni tano, na wastani wake uandikwe. Kiwango kiwe nane, na nyongeza iwe asilimia 80 ya upungufu, visehemu viachwe. Dada wa nane hatapewa kitu, na heshima yake itabaki kamili. Mdogo wetu wa mbili amepungukiwa na sita, atapewa nne. Mimi wa nne nimepungukiwa na nne, nitapewa tatu. Mnaona kwamba pointi zangu zimebaki tatu zile zile. Lakini sasa nimezipata kwa hesabu ya mikono yangu, na muhula utakaofuata, nikifanya mazoezi, nitazipunguza mwenyewe. Jioni tano za kupima pia ni jioni tano za kujifunza, jambo ambalo pointi za bure haziwezi kutupa.

Na kujifunza ndiko kulikokuwa kazi kubwa ya Bibi McCutcheon. Watu humkumbuka kwa mchezo wa Denver, lakini mchezo ule ulimalizika kwa siku moja. Katika safari zake aliendesha madarasa ya boulingi kwa wanawake na watoto, akiwafundisha kushika tufe, kupanga hatua, na kuliachia bila papara, kama yeye mwenyewe alivyojifunza kwa kutazama. Inakadiriwa kwamba aliowafundisha walikuwa zaidi ya 250,000. Hebu fikirini uwanja mkubwa kuliko yote mnayoijua umejaa watu, ukajaa tena mara kadhaa, na wote hao wamepita mikononi mwa mama mmoja. Wengi wao walikuwa wanawake ambao hawakuwahi kufikiri kwamba mchezo ule ungeweza kuwa wao.

Alipofika miaka hamsini aliacha safari za maonyesho, lakini hakuacha kufundisha. Miaka yake ya mwisho aliishi California, na mwaka 1956 chama cha wanawake kilimwingiza katika orodha yake ya heshima. Alifariki mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka 1973 jimbo la Colorado, alikoanzia mchezo, nalo liliweka jina lake katika orodha ya wanamichezo wake mashuhuri.

Waliokuja nyuma yake walizidi kupanda. Mwezi Januari mwaka 2010, huko Las Vegas, mwanamke mwingine wa Marekani, Kelly Kulick, alicheza fainali ya mashindano makubwa ya mabingwa wa kulipwa dhidi ya Chris Barnes, mwanamume hodari sana, pasipo pini hata moja ya nyongeza, akamshinda kwa 265 dhidi ya 195. Tofauti hiyo ni pini 70, katika mchezo mmoja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda taji la mzunguko huo wa wanaume. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 82 tangu siku ile ya Denver. Muda huo wote nguvu za mikono ya wanawake hazikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya wasichana waliopata njia ya kuchezea, tufe linalowafaa, na mtu wa kuwafundisha.

Hayo ndiyo maisha ya Bibi Floretta McCutcheon, aliyeanza akiwa na miaka 35 na kuacha nyuma yake robo milioni ya wanafunzi. Wenzangu wasichana, tukipewa nyongeza kwa kipimo tuipokee bila haya, na tuitumie kama mtu atumiavyo ngazi. Wenzangu wavulana, mkipewa ninyi, msione aibu pia. Daftari la kupimia wastani nimekwisha kulipiga mistari, nami nitaliweka mezani kwa kamati ya michezo kabla shule haijafungwa.